Aliyekombolewa Karema

Ukitaka kujua Watanzania wanafikiria nini kuhusu Sumbawanga, waambie tu kwamba unatoka Sumbawanga. Chumba chetu cha habari kina watu wa karibu kila mkoa, lakini anayeombwa radi ni mimi peke yangu. Stori ikikataliwa, jamaa wanageukia meza yangu: "Mfipa, hebu mshughulikie mhariri." Nacheka nao, nimeshazoea. Wengine wanaenda mbali zaidi na kunifafanulia, mimi niliyezaliwa huko, kwamba jina lenyewe la mji ni "sumba wanga", yaani tupa uchawi, kwa hiyo eti lazima ulikuwepo mwingi wa kutupwa!

Leo lakini siandiki habari za radi. Nimetoka Pito wiki iliyopita na nina jambo ambalo sijalimaliza kichwani, kwa hiyo naliweka hapa kama lilivyo.

Kwa wasiopajua, Pito ni kata ndani ya Manispaa ya Sumbawanga. Nikiwa mtoto tulikuwa tunasema tunakwenda "kijijini", na kweli kilikuwa kijiji: mahindi, maharage, ulezi, ng'ombe wachache, na baridi. Uwanda wa Ufipa uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Dar anayeshuka basi alfajiri ya Juni akiwa na tisheti huwa anajuta hapo hapo stendi. Siku hizi mji umekuja wenyewe. Tangu barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga iwekwe lami kwa fedha za Wamarekani, ule mradi wa MCC uliokwisha mwaka 2013, kwetu bati zimekuwa nyingi kuliko nyasi na madalali wamekuwa wengi kuliko bati.

Ndiyo sababu niliitwa. Ukoo wetu una shamba la ekari 14, na wazee wameamua lipimwe viwanja kabla halijapimwa na watu wengine. Ikapitishwa kwamba kabla bikoni hazijawekwa iandikwe historia ya ukoo: nani alizaliwa na nani, nani ana haki ya nini. Na kwa kuwa ukoo mzima una mwandishi mmoja tu wa gazeti, kazi ikaniangukia mimi. Baba mkubwa alinipigia simu mwenyewe. "Wewe si unaandika kila siku habari za watu usiowajua? Sasa njoo uandike za kwenu."

Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Daftari, kalamu, simu ya kurekodi, wazee wanne watano, basi.

Hadithi ya ukoo wetu, ile inayosimuliwa kwenye harusi na misiba, ni kwamba sisi ni wahunzi. Babu zetu walifua chuma. Na mimi nimeipenda hadithi hii tangu zamani kwa sababu ina ushahidi wa kushika mkononi: ukilima upande wa chini wa shamba letu jembe linagonga mavi ya chuma, vile vipande vyeusi vizito vyenye matundu kama mkate ulioungua. Tukiwa watoto tulikuwa tunavitupia ndege.

Uhunzi wa Ufipa si hadithi ya kujifariji. Wafipa walijenga matanuru ya udongo yaliyoitwa ilungu, marefu kumzidi mtu, mengine yakifika mita tatu na zaidi. Hayakupulizwa kwa mivuo. Yaliachiwa matundu chini, hewa ikaingia yenyewe na kupanda kama kwenye bomba la moshi, mkaa na mawe yenye madini yakiungua humo kwa siku kadhaa. Kilichotoka kiliingizwa kwenye tanuru la pili, dogo, linaloitwa kintengwe, na hapo ndipo mivuo ilipotumika kusafisha chuma kabla hakijafuliwa kuwa jembe, shoka au mkuki. Wanaakiolojia wameyaandikia sana mambo haya, akiwamo Profesa Bertram Mapunda. Kuna jambo moja lilinichekesha nilipolisoma mara ya kwanza: tanuru lilipambwa na kutunzwa kama bibi harusi, lakini wanawake wenyewe hawakutakiwa kukaribia wakati wa kuyeyusha chuma. Majembe ya dukani yalipozagaa, yale ya ilungu yakakosa wateja, na sasa yamebaki magofu kwenye mashamba ya watu.

Basi nikaanza na wahunzi. Mzee wa kwanza, sawa. Mzee wa pili, sawa. Wa tatu, ambaye ni baba mdogo wa upande wa baba mkubwa, akaniambia huku akiangalia pembeni: "Andika vizuri lakini. Wahunzi ni tumbo la kwanza. Nyie tumbo la pili mlikaribishwa."

Hapa inabidi nieleze kidogo, tafadhali usinichoke. Mzee tunayemhesabu kama shina la ukoo alioa mara mbili. Mke wa kwanza alikuwa binti wa wahunzi wa hapo hapo, akafariki na kuacha watoto. Baadaye mzee akabatizwa, akaoa mke wa pili kwa ndoa ya kanisani. Baba mkubwa na wenzake wametoka tumbo la kwanza. Baba yangu, babu yangu na sisi wote tumetoka tumbo la pili. Nimelijua hili tangu utotoni na sikuwahi kuliona kama jambo. Tumekula pamoja, tumezikana, tumegombania pombe ya ulezi kama watu wengine wote. Sikuwahi kusikia mtu akitamka neno "kukaribishwa".

Nikauliza, huyo mke wa pili alitoka wapi? Baba mdogo akasema, "Muulize bibi yako."

Bibi yangu anakaribia miaka 90. Aliolewa na babu mwaka 1956 akiwa binti mdogo, na anavyosema, alipofika kwenye ule mji alimkuta yule mwanamke bado hai: mzee sana, haoni, anashinda kwenye ngozi karibu na moto. Yaani bibi yake babu yangu. Bibi ndiye aliyepewa kazi ya kumpelekea uji.

"Shikamoo bibi," nikamwambia, "nimetumwa historia."

"Marahaba. Umetumwa na nani? Wao wanaijua."

Ilichukua jioni tatu. Jioni ya kwanza alinisimulia habari za kanisa na njaa na nzige, akikwepa kwa ustadi ambao ningetamani wanasiasa tunaowahoji wangeuona wakajifunze. Jioni ya pili akasema tu kwamba yule bikizee alikuwa akihesabu maharage kwa lugha yake mwenyewe, si Kifipa, si Kiswahili. Moja mpaka kumi, halafu anaanza tena. Mama mkwe wa bibi hakuielewa, na hakuna aliyewahi kuuliza. Jioni ya tatu, nilipokuwa nimeshafunga daftari, akasema: "Alikombolewa Karema."

Karema iko mwambao wa Ziwa Tanganyika, leo ni mkoa wa Katavi. Mwaka 1879 Wabelgiji wa ile jumuiya ya Mfalme Leopold walijenga kituo pale. Mwaka 1885, baada ya mabwana wakubwa kugawana Afrika kule Berlin na upande huu wa ziwa kuangukia kwa Wajerumani, kituo kikakabidhiwa kwa wamisionari wa Kikatoliki, White Fathers, shirika lililoanzishwa na Lavigerie kule Algiers mwaka 1868. Wakati huo misafara ya pembe na watumwa ilikuwa inavuka ziwa kutoka Congo. Mapadre walikuwa wakipata fedha kutoka kwa Wakatoliki wa Ulaya, na kwa fedha hizo waliwanunua watoto kutoka kwa wafanyabiashara, wakawalea misheni, wakawafundisha dini na kazi, wakawaozesha wao kwa wao au kwa Wakristo wengine, na kuwapa sehemu ya kulima karibu na misheni.

Huyo ndiye bibi yake babu yangu. Kwa hesabu zangu aliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 akiwa na umri kama wa mtoto wa chekechea. Hakujua jina la kwao. Alikumbuka maji mengi na mtumbwi, na mwanamke aliyekuwa amefungwa pamoja naye, ambaye siku moja hakuwepo tena. Bibi hajui kama yule mwanamke alikuwa mama yake. Bikizee mwenyewe hakujua. Jina lake la ubatizo ninalo, ila nimelibakiza kwenye daftari la ukoo.

Nilimuuliza bibi mbona baba hakuwahi kutuambia. Akasema baba hajui. Babu alijua, akafa nalo. "Ungeisema wapi? Ukiisema, mtoto wako akienda kuposa wanasema ni mjukuu wa aliyenunuliwa."

Sasa angalieni maneno haya mawili. Bibi kila mara anasema "alikombolewa". Siku mbili baadaye kwenye kikao, upande wa pili walisema "alinunuliwa". Ni mtoto yule yule, ni fedha zile zile, siku ile ile. Nimekuwa nikiyazungusha maneno haya kichwani tangu nipande basi kurudi Dar. Nadhani kila upande una sehemu ya ukweli, maana padre alilipa kweli na mfanyabiashara alipokea kweli, lakini neno la pili linamwacha yule mtoto sokoni mpaka leo, na watoto wa watoto wake nyuma yake.

Na wala si kwamba watu wa Rukwa hawajui kuheshimu aliyekombolewa. Muulize Mkatoliki yeyote wa kwetu kuhusu Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, Mali ya leo, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa na hao hao White Fathers, wakampeleka Malta kusomea utabibu. Alifika Karema mwaka 1889 na akatibu watu mwambao ule mpaka uzeeni, akafariki mwaka 1956, mwaka ule ule bibi yangu alioolewa. Alioa huko huko. Wanamtaja kwa fahari, daktari na katekista. Sijawahi kusikia mtu akimwita aliyekaribishwa. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba Atiman alikuwa na dawa mkononi, na bibi yetu alikuwa na jembe tu.

Kikao kilikaa Jumamosi, watu kama 30, viti vya plastiki vya kuazima. Nisiwachoshe na yote. Hoja ya upande wa tumbo la kwanza ilikuwa moja, na ilisemwa kwa upole, jambo lililoifanya iwe mbaya zaidi: ardhi ilikuwa ya wahunzi, ambao ni ukweni kwa mzee wetu, ilimfikia kupitia mke wa kwanza, kwa hiyo tumbo la pili wapewe "kitu kidogo", viwanja viwili, kama ndugu, na vinavyobaki vigawanywe kwa wenyewe.

Nilikuwa nimekatazwa kubishana, eti mimi ni karani. Lakini shangazi yangu hakukatazwa na mtu. Akasimama akauliza: "Kumbe ardhi ilikuja kwa mwanamke? Basi mwanamke anahesabika. Sasa huyu wa pili amekuwa nini?" Watu wakacheka, na kwa muda nikaona baba mkubwa naye anatabasamu.

Kuna mambo mawili niliyotaka kuyasema nikiwa pale. Nayasema hapa.

La kwanza ni kuhusu ugeni. Simulizi kuu ya Ufipa, ile iliyoandikwa na Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeishi kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1960, inaanzia Milansi, kwa watawala wa kale wa nchi. Siku moja mtawala wa Milansi yuko mawindoni, wakafika wanawake watatu wageni kutoka mbali, wakakalia kiti, na utawala ukawa wao. Kutoka kwao ndipo ukatoka ukoo wa Watwa waliotawala Nkansi na Lyangalile, na Milansi ikabaki na heshima yake na kieneo kidogo. Yaani wafalme wenyewe wa Ufipa, kwa maneno ya Wafipa wenyewe, ni uzao wa wanawake waliotoka kusikojulikana! Ongeza Wangoni waliopita katika miaka ya 1840, ambao kiongozi wao Zwangendaba alifia Ufipa, ongeza misafara na misheni, halafu niambie ni nani kwenye kile kikao angeweza kusimama na kusema damu yake haikutoka nje ya Pito. Huyo huyo Willis aliandika kwamba Wafipa wanahesabu ukoo pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Shangazi hajamsoma Willis na wala hakumhitaji.

La pili ni kuhusu ardhi yenyewe. Operesheni Vijiji ya 1974 ilihamisha watu nchi nzima, na kwetu nao walihamishwa. Nyumba za leo hazipo zilipokuwa nyumba za mzee wa mwanzo. Bibi ananionyesha kwa fimbo: huku palikuwa msitu wa miombo mpaka babu na kaka zake walipoukata, kule juu ndiko watu wa tumbo la kwanza walikoondolewa mwaka ule wakaletwa barabarani. Kwa maelezo yake, sehemu kubwa ya hizo ekari 14 ililimwa mara ya kwanza na mikono ya tumbo la pili. Bikizee mwenyewe, kabla macho hayajafifia, alikuwa analima ntumba pale: vile vilima vya udongo vinavyofunika majani mabichi ili yaoze yawe mbolea, maharage yanapandwa juu, msimu unaofuata vilima vinasambazwa na kupandwa ulezi. Ni kilimo cha Kifipa kabisa. Alijifunza hapo, kwa mama mkwe wake au kwa majirani, mtu aliyeletwa bila lugha.

Nikaandika yote. Kurasa 11. Mavi ya chuma yamo, ilungu imo, tumbo la kwanza lina kurasa zake nne na sikupunguza sifa zao hata moja. Na yeye yumo, kwa jina lake la ubatizo, pamoja na neno alilolitumia bibi. Kabla sijapeleka nilimsomea bibi kipande chake, polepole, kwa sauti, kwa sababu mwenye siri ni yeye na angeweza kunizuia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama nimeandika habari za uji.

"Uji gani, bibi?"

"Nilikuwa nampelekea uji. Andika kwamba alikuwa anapelekewa."

Nikaongeza.

Na baba nimemwambia, kwa simu, kwa sababu sikutaka alisikie kikaoni. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema, "Ndiyo maana mzee alikuwa hataki twende Karema." Mwaka 1983 kulikuwa na hija ya vijana, babu akakataa katakata kutoa nauli, na baba alimnunia miezi. Miaka zaidi ya 40 amedhani ni ubahili.

Jana jioni baba mkubwa amenitumia ujumbe. Namheshimu mzee huyu. Ada yangu ya kidato cha tano nusu ilitoka mfukoni mwake, na hajawahi kuniambia mimi ni wa tumbo gani. Ujumbe wenyewe: "Nimesoma. Umeandika mengi, punguza." Nimemjibu kwa adabu zote, nikimuuliza nipunguze ukurasa upi. Hajajibu bado. Mpimaji anakuja Jumanne ijayo, na shangazi ameshaniambia atakuwa pale tangu asubuhi na kiti chake mwenyewe.

Kama kuna msomaji ambaye bibi au babu yake aliwahi kutaja Karema, Kirando au upande ule wa ziwa, au ambaye anajua lugha za ng'ambo ya Congo, naomba aniandikie. Bibi anakumbuka sauti ya zile namba mpaka tano. Nimezirekodi.